Baada ya Matanga: Ujane, Afya ya Akili na Haki Zako Uzeeni

Katika mwambao wa kusini, kuanzia Kilwa Kivinje na Masoko hadi Lindi mjini, msiba ni wa mtaa mzima. Kunapotokea kifo, majirani huleta mchele na kuni, ndugu wa Songosongo huja kwa mashua, wa Somanga huja kwa basi, na nyumba ya mfiwa haikosi watu usiku wala mchana. Hitima husomwa, matanga huanuliwa, arobaini hufika. Baada ya hapo kila mtu hurejea shambani au baharini, na mjane hubaki na chumba ambacho kwa miaka thelathini au arobaini kilikuwa cha watu wawili.

Aghalabu ni wakati huohuo ambapo madai ya kikaratasi huanza kuwasili. Benki inataka cheti cha kifo. Chama cha msingi kinauliza korosho za msimu huu zipokewe kwa jina la nani. Mkopeshaji anadai rejesho. Laini ya simu ya marehemu ina fedha, lakini namba ya siri alikuwa akiijua mwenyewe tu. Mzee aliyefiwa hutakiwa kufanya maamuzi makubwa ya fedha katika kipindi ambacho akili na mwili wake vimechoka kuliko wakati mwingine wowote.

Sisi tulio katika kazi ya kulinda watumiaji wa huduma tumeona inafaa mambo haya mawili, huzuni na karatasi, yaelezwe mahali pamoja, kwa kuwa katika maisha ya mjane hayatengani. Ushauri wetu kwa ufupi ni huu: karatasi chache zisichelewe, maamuzi makubwa yasiharakishwe, na huzuni isiyopungua ipelekwe kituo cha afya kama maradhi mengine yoyote.

Huzuni ya kawaida ikoje

Mwaka 1967 wataalamu wawili wa Marekani, Thomas Holmes na Richard Rahe, walipanga matukio 43 ya maisha kwa uzito wake juu ya afya ya mtu. Kufiwa na mume au mke kulishika nafasi ya kwanza kwa alama 100, juu ya talaka na juu ya kifungo. Kwa hiyo mtu aliyefiwa asijione dhaifu. Amebeba mzigo mzito kuliko yote iliyomo katika orodha ile.

Katika wiki na miezi ya mwanzo ni kawaida kulia ghafla, kukosa usingizi, kukosa hamu ya kula, kusahau funguo zimewekwa wapi, na hata kuwakasirikia watu wasio na kosa. Ni kawaida pia siku moja kuwa nyepesi na ya pili kuwa nzito. Huzuni huja kwa mawimbi, na jinsi miezi inavyopita ndivyo nafasi kati ya wimbi na wimbi inavyozidi kuwa ndefu.

Jambo moja huwatisha wengi wakalificha: kusikia sauti ya marehemu akiita, nyayo zake barazani, au kuhisi kwamba ameketi mahali pake pa siku zote. Mwaka 1971 daktari Dewi Rees alichapisha matokeo ya mahojiano yake na wajane na wagane 293 huko Wales. Karibu nusu yao walikuwa wamewahi kuhisi kuwapo kwa mwenzi aliyefariki, na wengi hawakuwa wamemwambia mtu yeyote. Hali hiyo peke yake si wazimu. Ni akili iliyozoea mtu kwa miaka mingi, nayo haijakubali kwamba ameondoka.

Kwa mjane Mwislamu asiye mjamzito, eda ni miezi minne na siku kumi. Pamoja na kuwa ibada, kipindi hicho humpa mfiwa muda ambao jamii yote inautambua na kuuheshimu. Lakini kukaa eda hakumaanishi kukaa bila mtu wa kuzungumza naye. Wanaomzunguka wahakikishe kwamba anatembelewa, anakula, na anaendelea kumeza dawa zake za presha au kisukari ikiwa alikuwa nazo.

Huzuni inapogeuka maradhi

Mtu anapokuwa na huzuni nzito, au anapopoteza furaha katika mambo yote, karibu siku nzima na kila siku kwa wiki mbili au zaidi, huku akishindwa kula, kulala au kufanya shughuli zake, yamkini amepata sonona. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kuainisha magonjwa, ulioanza kutumika Januari 2022, unatambua pia maradhi ya huzuni ya msiba iliyopitiliza: hamu kali ya marehemu inayoendelea kwa miezi sita au zaidi, kupita kiasi kinachotarajiwa katika dini na desturi za mhusika, hadi maisha yakasimama.

Kwa wazee sonona mara nyingi hujificha. Mzee hasemi kwamba ana huzuni. Husema mwili unamuuma, kifua kimebana, tumbo halitulii, kichwa ni kizito. Huenda zahanati mara tatu, vipimo vikaonyesha hana malaria, akarudishwa nyumbani. Wengine huanza kusahau sana, na familia ikahitimisha kuwa huo ni uzee. Usahaulifu unaoanza baada ya msiba unaweza kutokana na sonona, na sonona inatibika. Ndiyo maana tunashauri kwamba mzee akifika kwa mganga wa zahanati, yeye au aliyemsindikiza aseme wazi: “Amefiwa na mwenzi wake mwezi fulani, na tangu hapo hali imekuwa hivi.” Sentensi hiyo humwelekeza mhudumu mahali pa kutazama.

Zipo familia ambazo huamini mzee amerogwa au amepandwa na shetani. Hatukusudii kubishana na imani ya mtu. Tunachoomba ni kwamba dua na tiba za asili zisiwe sababu ya kuchelewesha hospitali, na kwamba mjane mzee anayezungumza peke yake asitiliwe shaka ya uchawi, kwani tuhuma hizo zimewagharimu wazee wengi wa nchi yetu maisha yao.

Matibabu ya sonona ni mazungumzo na mtaalamu, dawa, au vyote viwili. Dawa zake hazifanyi kazi kwa siku moja. Huchukua wiki kadhaa kabla ya nafuu kuonekana, hivyo mgonjwa asiziache kwa kudhani hazifai, wala asiziache ghafla anapopata nafuu. Azungumze kwanza na aliyemwandikia.

Ikiwa mfiwa anasema hataki tena kuishi, anasema ni afadhali amfuate mwenzake, au anagawa vitu vyake na kuaga watu, asiachwe peke yake hata kidogo. Dawa za kupulizia mikorosho, dawa za panya na vidonge vilivyokusanyika nyumbani viondolewe na kufungiwa mahali pengine. Apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Kumwuliza kwa upole kama anafikiria kufa hakumtii wazo hilo akilini. Humpa nafasi ya kulitoa.

Huduma huanzia zahanati ya kijiji na kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, na kwa yanayohitaji uangalizi zaidi ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sokoine mjini Lindi. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua kuwa mzee mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea, na wazee wasio na uwezo wanastahili matibabu bila malipo. Ulizia dirisha la wazee unapofika, na kama huna kitambulisho cha matibabu, mwone ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako.

Karatasi zisizopaswa kuchelewa

Ya kwanza ni usajili wa kifo. Kifo husajiliwa kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), na muda uliowekwa ni siku 30. Aliyefia hospitali hupatiwa taarifa ya kifo hapohapo. Aliyefia nyumbani, taarifa huanzia kwa mtendaji wa kijiji au kata. Wilayani, huduma za RITA hupatikana katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Bila cheti hiki, benki, mfuko wa pensheni na kampuni ya bima hawataweza kukuhudumia.

Ya pili ni kufungua mirathi. Kwa familia zinazofuata sheria ya Kiislamu au ya kimila, shauri hupelekwa Mahakama ya Mwanzo. Familia hukaa kikao, humpendekeza msimamizi, na muhtasari wa kikao hicho hupelekwa mahakamani pamoja na cheti cha kifo. Mjane ana haki ya kuhudhuria kikao, kupendekeza jina, kupendekezwa yeye mwenyewe, na kupinga mahakamani jina asiloliamini. Msimamizi akishateuliwa, anatakiwa kuwasilisha mahakamani orodha kamili ya mali na madeni ndani ya miezi minne. Usimamizi haumfanyi kuwa mwenye mali. Ni mtumishi wa warithi, na anaweza kuondolewa akiitumia vibaya nafasi hiyo.

Ya tatu ni kuwajulisha wanaoshika fedha za marehemu. Mkulima wa korosho au ufuta wa Kilwa na Lindi huuza kupitia chama cha msingi, yaani AMCOS, na malipo huingia katika akaunti yake ya benki. Mkulima akifariki katikati ya msimu, malipo yanaweza kuendelea kuingia katika akaunti ambayo mjane hana ruhusa ya kuigusa. Katibu wa chama aelezwe mapema, kwa maandishi, na barua ya usimamizi wa mirathi ipelekwe mara inapotoka. Kama marehemu alikuwa mwajiriwa au mstaafu, ulizia mafao ya warithi katika mfuko aliokuwa akichangia, PSSSF au NSSF.

Katika haya yote mjane si lazima atembee mwenyewe. Sheikh wa msikiti wake atamweleza ni shughuli zipi zinaruhusiwa ndani ya eda, na kwa nyingine anaweza kumtuma mtu anayemwamini. Lakini nakala ya kila karatasi ibaki mikononi mwake.

Maamuzi yanayoweza kusubiri

Kuuza nyumba, kuuza shamba, kugawa mikorosho, kuhamia kwa mtoto Dar es Salaam, kumdhamini ndugu katika mkopo: hakuna hata moja kati ya haya linalolazimika kufanywa ndani ya eda. Aidha, mali ya marehemu haiwezi kuuzwa kihalali kabla msimamizi hajateuliwa. Ukiletewa karatasi ya kutia saini au kubandika dole gumba, na aliyeileta akasema “ni leo tu”, jibu linalotosha ni: “Niachie nakala, nitasomewa.” Anayekataa kukuachia nakala amekuonyesha nia yake.

Ni vema pia ujue haki zako kabla ya kikao chochote. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 68, inampa mjane uhuru wa kuishi popote anapotaka, na uhuru wa kubaki bila mume au kuolewa na mtu amtakaye, hata kama mila inasema vinginevyo. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zinatamka kwamba mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanamume. Katika mirathi ya Kiislamu, mjane hupata thumni, yaani sehemu moja kwa nane, ikiwa marehemu ameacha watoto, na robo ikiwa hakuacha. Wake wakiwa zaidi ya mmoja hugawana sehemu hiyo. Kabla ya mgawanyo hutolewa madeni, na mahari ambayo haikulipwa ni mojawapo ya madeni hayo. Mali uliyoichuma au kuinunua mwenyewe kwa jina lako, ikiwemo mashine ya cherehani, kamba za mwani au kiwanja, haimo katika mirathi.

Simu, mikopo na bima

Laini ya marehemu isigawiwe mtu wala kutupwa. Fedha zilizomo ni sehemu ya mirathi, na mtoa huduma atazitoa kwa msimamizi aliyeteuliwa. Jihadhari na wanaojitokeza “kusaidia” kwa kuomba simu na namba ya siri. Jihadhari vilevile na ujumbe unaosema una mafao ya marehemu yanayosubiri, ila utume kwanza pesa ya kuyafungulia. Mfuko wa pensheni haudai ada kwa simu ya mkononi. Ujumbe wa kitapeli utume kwenda namba 15040, bila malipo, na ukitaka kujua ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, piga *106#.

Kuhusu madeni, deni la marehemu hulipwa kutoka katika mali aliyoiacha. Halikuhamii wewe binafsi kwa sababu tu ulikuwa mke au mume wake, isipokuwa kama mlikopa pamoja au ulimdhamini. Kabla ya kulipa chochote, iulize taasisi iliyokopesha kwa maandishi: je, mkopo huu ulikuwa na bima? Mikopo mingi ya benki na taasisi za fedha hukatiwa bima ambayo hulipa salio mkopaji anapofariki. Ada yake ilikatwa kwa marehemu, kwa hiyo ni haki ya familia kuiulizia. Ukiwa na mgogoro na kampuni ya bima, unaweza kufika kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Usijaribu kuziba pengo la msiba kwa mikopo ile inayoitwa “kausha damu”. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni, iombe uione. Wala usimwachie mtu kadi yako ya benki na namba ya siri kama dhamana. Mfiwa asiyelala kwa huzuni hastahili kuongezewa sababu nyingine ya kutolala.

Wagane nao

Mwanamume aliyefiwa na mkewe huambiwa ajikaze, na mara nyingi hakuna anayemwuliza zaidi. Mwaka 1969 watafiti wa Uingereza wakiongozwa na Colin Murray Parkes walichapisha habari za wagane 4,486 wenye umri wa miaka 55 na zaidi: katika miezi sita ya kwanza, vifo miongoni mwao vilizidi kwa asilimia 40 kiwango kilichotarajiwa kwa watu wa rika lao. Vingi vilitokana na moyo. Mvuvi mzee ambaye hajawahi kujipikia, ambaye dawa zake zilipangwa na mkewe, na ambaye hasemi chochote barazani, anahitaji sahani ya chakula na mtu wa kumsikiliza kama mjane anavyohitaji.

Wajibu wa watoto na majirani

Msaada mwingi hutolewa katika siku tatu za matanga, wakati mfiwa hata hakumbuki nani alikuja. Tunapendekeza ugawanywe. Wanakikundi cha kufa na kuzikana, au wanachama wa vikoba, wanaweza kupanga zamu ya kumtembelea mfiwa mara moja kwa wiki kuanzia arobaini hadi mwisho wa miezi sita. Mtoto aliye mbali achague siku na saa ya kupiga simu, na asiivunje. Muulizeni amekula nini jana, kwani swali hilo hujibika kwa urahisi kuliko “unajisikiaje”.

Msimnyang'anye mzee kazi zake kwa kumhurumia. Kusuka ukili, kufunga mwani, kuchambua korosho na kulea mjukuu humpa sababu ya kuamka. Na mnapomsaidia mambo ya fedha, mweleze kila hatua, hata kama hasomi. Mzee anayejua ni kiasi gani kilichopo na kiko wapi hulala vizuri kuliko yule aliyeambiwa “usijali, tunashughulikia”.

Anayehitaji msaada wa kisheria bila malipo amwone msaidizi wa kisheria katika kata yake. Huduma hiyo inatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Hatimaye, tunawaomba wanandoa ambao bado mko pamoja mkae siku moja mwandike katika karatasi moja: akaunti za benki, namba ya uanachama wa AMCOS, laini za simu, mikopo na bima zake, mipaka ya shamba, na dawa ambazo kila mmoja anatumia. Karatasi hiyo iwekwe pamoja na vitambulisho, na mtu wa tatu mnayemwamini aelezwe ilipo. Namba za siri zisiandikwe humo. Shughuli hiyo haizidi saa moja, nayo itamwondolea mmoja wenu miezi ya kuhangaika wakati atakapokuwa na mengine ya kulia.